Gharama ya baraza ya mbao za kompoziti nyumbani ihesabiwe vipi?

Mkaazi wa Chukwani

Assalaam alaykum. Nina nyumba Chukwani, si mbali na bahari, na nyuma yake kuna uwanja ambao tangu tuhamie haujatumika kwa lolote. Nakusudia kujenga hapo baraza ya mbao iliyoinuka kidogo, yenye mita 6 kwa 4, ili wazee wapate pahala pa kukaa baada ya laasiri na watoto wapate pa kuchezea. Mbao za kawaida zinanitia khofu kwa sababu ya mchwa na chumvi, ndiyo maana nimevutiwa na hizi za kompoziti, zinazotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mbao na plastiki.

Tatizo langu ni bei. Karibu kila ninachosoma kinatoka Marekani, ambako inasemwa kuwa baraza kamili ya aina hii hugharimu baina ya dola 30 na 60 kwa futi ya mraba pamoja na ufundi. Muuzaji mmoja wa mjini amenitajia bei ya mita ya mraba ambayo ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo, na mafundi wawili niliowaita wamenipa makadirio yaliyopishana karibu mara mbili. Naomba mwenye uzoefu anieleze gharama hii inajengwa na nini hasa, na wapi ninaweza kupunguza bila ya kuiharibu kazi.

Seremala wa Bububu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza linganisha vipimo, kwa sababu mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, na kwa hivyo bei ya Marekani ni kama dola 320 hadi 645 kwa mita ya mraba. Ndani ya hesabu hiyo mna ujira wa mafundi wa kule, ambao ni mkubwa, mna fremu, yaani mihimili ya chini inayobeba mbao, ya paina iliyotiwa dawa, na mara nyingi mna ngazi na vizuizi vya pembeni. Muuzaji wako wa mjini, kwa upande wake, amekutajia ubao mtupu. Hao wawili hawazungumzii kitu kimoja, na sishangai kwamba mafundi nao wamepishana, kwani naamini kila mmoja ameiweka fremu yake akilini na hakuna aliyekuandikia ni fremu gani. Usijadiliane bei na yeyote mpaka akupe orodha ya vifaa, kimoja kimoja, kwa idadi na unene.

Sasa tuhesabu. Tuchukue ubao wa upana wa milimita 140, unene wa 25 na urefu wa mita 2.9, ambao ni kipimo kinachopatikana sana katika mbao hizi zinazotoka China. Ukiacha nafasi ya milimita 5 baina ya ubao na ubao, kila safu inachukua milimita 145, maana yake kila mita ya mraba inakula karibu mita 6.9 za ubao. Kwa baraza yako ya mita 6 kwa 4 utahitaji safu 28, na kila safu itataka mbao mbili nzima pamoja na kipande cha sentimita 20. Kipande hicho hakipotezi ubao mwingi, lakini kinaleta kiungo cha pili katika kila safu, na chini ya kila kiungo lazima uwepo mhimili wa ziada ili ncha zote mbili zikae juu ya kitu.

Ningekuwa mimi, ningeifanya baraza iwe mita 5.8 kwa 3.62. Urefu wa 5.8 unaingia mbao mbili bila ya kipande, na kina cha 3.62 ni safu 25 kamili, tena kinalingana na mbao za futi 12 zinazouzwa huku, ambazo ni mita 3.66, kwa hivyo mihimili ya chini inaingia bila ya kuungwa. Hapo unahitaji mbao 50, ongeza tatu au nne za tahadhari, na unapata mita za mraba 21. Umepoteza mita tatu za mraba, lakini umeondoa safu tatu, viungo vyote vya ziada na kazi ya kuunga mihimili, jambo ambalo katika ujira peke yake utaliona.

Fremu ndiyo inayokula fedha, na ndiyo inayofichwa. Kompoziti haina uwezo wa kubeba kama ubao wa kweli, hupinda, na kwa hivyo mihimili haitakiwi kuachana zaidi ya milimita 400 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwengine. Kwa mita 5.8 hiyo ni mihimili 16, na mmoja zaidi pale mbao zinapokutana, jumla 17. Ikiwa ni ya inchi mbili kwa sita, utaibeba kwa safu 3 za nguzo, kila safu nguzo 4, yaani misingi 12 ya zege. Chukwani ni ardhi ya uwanda, jiwe liko karibu, na kuchimba mashimo 12 katika jiwe la matumbawe ni kazi ya sururu na jasho, ingawa ukishafika umepata pahala pagumu pa kusimamisha nguzo. Mwambie fundi asikuletee mchanga wa pwani kwa ajili ya zege, kwa sababu chumvi yake huozesha nondo.

Kuhusu mihimili yenyewe, kompoziti haimpi mchwa chakula, lakini mbao za chini zinampa. Watu hununua mbao za juu za kudumu miaka 25 kisha wakaziweka juu ya paina isiyotiwa dawa, na siku mihimili inapooza, mbao nzima nzuri zinang'olewa ili kuifikia. Chukua paina iliyotiwa dawa, na kila pahala unapoikata ipakwe dawa tena, kwani sehemu ya ndani iliyofunuliwa na msumeno mara nyingi haikufikiwa na dawa ya kiwandani. Mabomba ya mraba ya chuma yanakubalika pia, lakini karibu na bahari yawe yamechovywa zinki, na sehemu iliyochomelewa isiachwe wazi hata siku moja.

La mwisho ni skrubu na klipu, yaani vibanio vinavyoshika mbao juu ya mihimili. Safu 25 juu ya mihimili 17 ni zaidi ya klipu 400, na kila klipu ina skrubu yake. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na kwa mtu wa pwani ni kosa. Chukua chuma kisichoshika kutu, na ukiweza cha daraja la 316 badala ya 304, kwa sababu kina molibdeni inayokisaidia kustahamili chumvi. Skrubu ya kawaida itaanza kulia machozi ya kutu juu ya mbao zako kabla ya masika ya pili.

Muagizaji wa Malindi

Naongeza upande wa kuagiza, kwa sababu huenda ukashawishika kuleta mbao mwenyewe ukiona bei ya kiwandani. Mbao 54 za kipimo alichotaja fundi, zikiwa ngumu na si zenye matundu ndani, ni karibu nusu ya mita ya ujazo, lakini uzito wake unafika kilo 700 hivi, na mzigo unaochanganywa na wa wengine ndani ya kontena hutozwa kwa kipi kikubwa, tani au mita ya ujazo. Kisha ushuru wa forodha haukokotolewi juu ya bei uliyolipa peke yake, bali juu ya bei pamoja na bima na nauli ya meli, na kodi ya ongezeko la thamani inakuja juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake. Weka na malipo ya wakala na ya bandarini, ambayo hayapungui sana kwa sababu tu mzigo wako ni mdogo. Kwa baraza moja, maoni yangu ni kununua kwa aliyekwisha kuleta. Kuagiza kunakuwa na maana mkikusanyika nyumba nne au tano mkachukua aina moja na rangi moja.

Unapokwenda dukani, omba kipande na ukitazame ncha yake. Mbao zenye matundu ndani ni nyepesi na rahisi, lakini maji huingia kwa nchani, na wadudu hujenga humo, kwa hivyo lazima ununue na vifuniko. Tazama pia kama sehemu ya juu imevishwa ganda la plastiki, kwani zilizovishwa hazinyonyi madoa ya mafuta wala hazipauki upesi kama zisizovishwa. Tofauti ya bei ipo, na kwa nyumba inayokaliwa kila siku naiona inastahili kulipwa.

Mpemba wa Wete

Ndugu zangu wameeleza vizuri, ila hakuna aliyetaja joto. Kompoziti inashika joto kuliko ubao, na ya rangi ya kahawa iliyokoza, katika jua la kaskazi saa saba mchana, haikanyagiki kwa miguu mitupu. Umesema watoto watacheza hapo. Chukua rangi ya mchanga au kijivu hafifu, na uweke hesabu ya kivuli tangu mwanzo, kwa sababu nimeona watu wakimaliza fedha kwenye sakafu kisha wakabaki na baraza ambayo haikaliki mpaka alaasiri. Joto hilo hilo huurefusha ubao. Wa mita 2.9 unaweza kuongezeka milimita tatu hivi baina ya asubuhi ya baridi na adhuhuri, na ukibanwa ncha kwa ncha utainuka.

Nakuomba pia umuombe fundi akupe bei ya mtiki kwa kipimo hicho hicho. Unalimwa Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, mchwa hauupendi, hauchomi miguu, na ubao mmoja ukiharibika seremala yeyote wa hapa atakuchongea mwengine, ilhali kompoziti ya rangi yako huenda baada ya miaka mitano haipo tena sokoni. Utautia mafuta kila mwaka ukitaka ubaki na rangi yake, na ukiuacha utageuka kijivu bila ya kuoza. Kompoziti haihitaji mafuta, lakini si kweli kwamba haihitaji kitu, kwani chini ya mwembe wakati wa masika huota kuvu, na inataka brashi na maji ya sabuni.

Mkaazi wa Chukwani

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeshawarudia mafundi wote wawili kuomba orodha, na imebainika kwamba mmoja alikusudia paina isiyotiwa dawa na misingi sita tu. Kipimo cha mita 5.8 kwa 3.62 nimekikubali. Limebaki moja: nyuma ya nyumba lipo jamvi la zege la zamani lenye upana wa mita mbili kutoka ukutani. Je, naweza kuweka mihimili juu yake nikapunguza idadi ya nguzo?

Seremala wa Bububu

Juu ya jamvi zima inawezekana, na ni rahisi zaidi, kwani unaondoa nguzo na mihimili mikuu inayolala juu yake, na mihimili midogo ya milimita 50 inatosha ikilazwa juu ya vipande vya mpira ili isikae ndani ya maji. Lakini nusu juu ya jamvi na nusu juu ya nguzo sikushauri, kwa sababu pande mbili hazitatulia sawa, na mpasuko utauona pale pale zinapokutana. Ama ulirefushe jamvi lifike mita 3.62 likiwa na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mbali na ukuta, ama uliache na usimamishe nguzo zote kwenye udongo, zile za karibu na nyumba zikipita katika matundu utakayotoboa. La kwanza nadhani litakuwa nafuu kwako, lakini mihimili, mipira na ubao vitakula karibu sentimita 8 za kimo, na maji ya mvua hayatakiwi kufika mlangoni. Pima kutoka juu ya jamvi hadi chini ya kizingiti cha mlango wa nyuma, kisha uniletee kipimo hicho ndipo nikuandikie orodha ya vifaa.