Kigari cha kubebea na kukatia plaiwudi: mbao au chuma, na egemeo likae wapi?

Fundi wa Kondele, Kisumu
Hamjambo mafundi. Karakana ni futi 12 kwa 20, sakafu ya saruji iliyochimbika hapa na pale, mlango sentimita 90. Bodi za 8 kwa 4 zinashushwa nje na mara nyingi kuna mtu mmoja tu wa kuziingiza. Ya milimita 18 ina kilo 30 na ushei. Uzito unabebeka, shida ni upana. Nataka kigari ambacho bodi inapakiwa ikiwa imesimama, inapita mlangoni, kisha inalazwa na kukatwa papo hapo kwa msumeno wa umeme wa mkono. Nitumie mbao au chuma? Na egemeo la kupindulia liwe wapi ili bodi isimwangukie mtu?

Mchomeleaji, Nakuru
Chini chuma, juu mbao. Diski ya msumeno hupita bodi na kuingia kidogo kwenye meza, na ikikuta chuma meno yameisha.

Nunua bomba la mraba la inchi moja na nusu, geji 16, vipande viwili vya mita 6. Kata nyayo mbili za sentimita 70, nguzo mbili za 68, pau mbili za 150 za kuunganisha nguzo na mihimili minne ya mshazari ya 40. Mihimili usiiache, maana bila hiyo nguzo zitayumba kila unaposukuma msumeno. Chomelea kwa vijiti vya milimita 2.5. Weka madoa (vinukta vya kushikiza tu) kwanza, pima mshazari kwa mshazari, halafu ndipo ujaze. Ukijaza upande mmoja mfululizo bomba linavutwa na joto, linapinda, na gurudumu moja linabaki hewani.

Sasa egemeo. Liweke sentimita 85 kutoka sakafuni, bolti ya milimita 16 kila upande, yenye washa (vipete bapa vya chuma) pande zote na nati mbili zikazwe moja juu ya nyingine. Lakini lisiwe katikati ya bodi. Upana ni 122, nusu yake 61. Sogeza egemeo sentimita 5 kuelekea ukingo wa juu, ili chini kubaki 66 na juu 56. Upande wa chini ukiwa mzito, bodi yenyewe inataka kusimama, na kuilaza unainua ukingo wa chini kwa nguvu ya kama kilo 4 tu. Ukiliweka katikati kabisa, meza haina upande inaoupenda na itakuponyoka. Ukilisogeza upande wa pili ndiyo mbaya zaidi: bodi itajilaza kwa kishindo, vidole vikiwa chini yake.

Mwinamo wa kupakia uwe nyuzi 75, si wima kabisa, ili bodi iegemee. Pau moja ya kuunganisha ichomelewe sentimita 40 chini ya egemeo, na juu yake ufunge kipande cha mbao cha sentimita 8 au 9 kiwe kizuizi. Hapo ukingo wa chini unakaa kama sentimita 23 juu ya sakafu.

Magurudumu yawe ya inchi 4, ya mpira, yote yanayogeuka, mawili yakiwa na breki. Ya inchi 2 yanakwama kwenye kila shimo na kokoto. Katika hesabu ya uzito gawanya kwa tatu, si kwa nne, kwa sababu sakafu hiyo itaacha moja hewani. Chagua yanayobeba kilo 80 kila moja.

Seremala, Kakamega
Niongeze ya juu. Fremu ya meza iwe sentimita 210 kwa 90, saiprasi ya 3 kwa 2 iliyokauka, ikisimama kwa upande wa inchi 3. Vipande vitatu vya urefu na vitano vya kukingama, viungo vya kukata nusu kwa nusu, na gundi. Futi 40 zinatosha. Skrubu yoyote ikae angalau sentimita 3 chini ya uso wa meza. Virefushe vipande viwili vya kukingama kwa sentimita 16 upande wa chini na ufunge juu yake vishikio vya mbao ngumu vya kukalia ukingo wa chini wa bodi. Kimo chake kisizidi milimita 15, la sivyo bamba la msumeno litavigonga.

Diski ya meno 40 hadi 60, na ichomoze milimita 5 tu chini ya bodi. Uso mzuri wa bodi uangalie chini, kwa kuwa msumeno wa mkono hukata ukipanda na huchana uso wa juu. Kuchanika kunakuwa kubaya zaidi unapokata kukingama, upande wa futi 4, kwa kuwa nyuzi za uso huwa zinafuata futi 8. Hapo pitisha kisu kikali kwenye mstari kwanza.

Fundi wa Kondele, Kisumu
Asanteni sana. Komeo la kushikilia meza ikilala, moja linatosha? Na nikishakata, naisimamisha meza na vipande vyake?

Mchomeleaji, Nakuru
Makomeo mawili, moja kila nguzo, pini ya milimita 12. Likiwa moja fremu inajipinda, mkato unafunga, diski inabanwa na msumeno unarushwa nyuma.

La pili, hapana kabisa, ndugu. Ukipasua bodi katikati na kuondoa nusu ya chini, nusu ya juu yenye kilo 16 inashinda uzito wa fremu, na ukichomoa pini meza itapinduka kwa upande usioutarajia. Kizuizi kiko upande mmoja tu, hakitaizuia. Ondoa vipande vyote kwanza, pini baadaye.

Seremala, Kakamega
Na usiviegemeze ukutani. Kwa unyevu wa hapo ziwani vitapinda. Vilaze juu ya mbao nne zenye kimo kimoja.