Eti "boliti ni boliti"! Huyu jamaa wa stenlesi nani atamkomesha?

Wadau, hii imetokea sasa hivi na bado natetemeka. Mnamjua. Yule fundi wa boliti za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), ambaye gari likitoka kwake, ukifungua boneti unahitaji miwani ya jua. Simtaji. Kaa Kirinyaga Road, Nairobi, dakika kumi tu, utamsikia mwenyewe.

Leo ametoa boliti ya maunti (kishikio kinachobeba injini) ya Toyota Fielder. Boliti nzima, haina kutu, ina namba yake kichwani. Akaitupa kwa ndoo ya vyuma chakavu, kling! Akapachika yake ya kung'aa, stenlesi ya daraja la A2-70. Akaulizwa mbona. Akajibu bila hata kugeuka: "Boliti ni boliti."

Boliti ni boliti! Basi kamba ya kiatu ivute trela.

Ile namba ya kichwani si mapambo. 8.8 maana yake chuma kinakatika kikivutwa kwa megapaskali 800 (kipimo cha mvuto), na kinaanza kurefuka bila kurudi kwenye 640. 10.9 ni 1000 na 900. A2-70 inakatika kwenye 700, lakini inaanza kurefuka kwenye 450 tu. Hapo ndipo watu wanapopotea: boliti haikatiki, inavutika kidogo, mkazo unaisha, maunti inaanza kucheza na kila tuta gari linagonga. Utabadilisha shoki zote nne na kelele ibaki pale pale. Toyota hupiga namba moja tu kichwani, 4 hadi 11, ndiyo maana wengi hudhani ni alama ya kiwanda. Ni nguvu ya boliti! Na yeye ameitupa kwa ndoo!

Sina ugomvi na stenlesi. Weka kwa boksi la hewa, kwa vishikio vya juu vya rejeta, kwa breketi ya boksi la fyuzi, kwa kava za plastiki. Hizo ni M6 (unene wa milimita 6), thredi ya 1.0 (milimita 1 kati ya thredi na thredi), toki, yaani nguvu ya kukaza, newtonmita 8 hadi 10 na umemaliza. Pima urefu wa ile ya zamani kwanza. Ikiwa mpya ni ndefu na tundu halijatoboka upande wa pili, itagonga chini. Mkono utakuambia imekaza na kumbe kitu chenyewe kinacheza. Ikiwa fupi, kwenye aluminiamu unahitaji thredi zishike angalau mara moja na nusu ya unene wa boliti, yaani M6 ishike milimita 9. Kifuniko cha valvu angalia vizuri: boliti nyingine zina bega la kuzuia gasketi isipondwe. Ukiweka iliyonyooka umeponda gasketi, na mafuta yatakuja.

Lakini maunti? Alteneta? Breki? Hedi? Na akiambiwa anajibu "boliti ni boliti". Kling! Hiyo sauti haijanitoka masikioni.

spana_ya_kumi: Na hujagusa la thredi. M10 za Toyota nyingi ni 1.25. Dukani ukiomba stenlesi M10 bila kusema kitu unapewa 1.5. Inaingia raundi mbili kwa mkono, inagoma. Mtu mwenye akili anaitoa. Yule fundi anachukua gani ya upepo (mashine ya kukaza ya kompresa). Hapo thredi za aluminiamu zimekwisha, andaa helikoili (koili ya waya inayowekwa tunduni iwe thredi mpya).

kisiki_cha_likoni: Nyinyi wa Nairobi mna bahati, hewa yenu haina chumvi. Huku Mombasa stenlesi ikikaa ndani ya aluminiamu bila kupakwa kitu, anayeliwa ni aluminiamu. Utaona unga mweupe ukitoka kando ya kichwa cha boliti. Ule unga unajaa kwenye thredi na kubana. Siku ya kufungua boliti haizunguki, inakatika shingoni. Paka grisi ya nikeli kabla ya kufunga, halafu punguza toki kama asilimia 20, maana thredi yenye grisi hukaza zaidi kwa toki ile ile.

boneti_safi: Mzee, kutetemeka kwa boliti moja ya watu? Kunywa chai kwanza. Zile za orijino ukiosha injini mara tatu zinakuwa rangi ya udongo. Mtu amelipia gari lake ling'ae, wewe inakuwasha nini?

Mwanzilishi: Ing'ae kwa boksi la hewa! Nimesema MAUNTI. Injini nzima imekalia ile boliti. Umesoma au umeona neno stenlesi ukakimbilia kujibu?

boneti_safi: Nimesoma. Ni ndefu kama foleni ya Mombasa Road.

kobalti5: Kwa wale ambao zimeshakatika ndani: msikimbize drili. Stenlesi ukiitoboa kwa kasi na drili inasugua tu bila kuikata, inakuwa ngumu hapo hapo, halafu hakuna drili itakayoingia. Tumia drili ya kobalti, mwendo wa pole, sukuma kwa nguvu, mafuta yasiishe. Kabla ya hapo pasha moto aluminiamu, si boliti. Aluminiamu hutanuka zaidi kwa hivyo tundu linafunguka. Ikibaki kichwa kidogo nje, chomelea nati juu yake na uzungushe ingali na moto. Thredi zikiharibika, helikoili ya M6 hutobolewa kwa drili ya 6.3.

spana_ya_kumi: Na nati ya stenlesi juu ya boliti ya stenlesi msitumie gani kabisa. Ile ngozi nyembamba ya juu inachubuka, vyuma vinashikana kama vimechomewa. Nati haiendi mbele wala hairudi nyuma. Ni grinda tu.

raundi_moja_tu: Afadhali hata huyo wa kung'aa. Tuongee watu wa tairi! Nati za tairi za Corolla ni newtonmita 103. Wao gani inalia trrrrr mpaka kompresa inaishiwa upepo. Siku ya pancha usiku unasimama juu ya spana kwa miguu yote miwili na haifunguki. Stadi (boliti inayoshika nati ya tairi) ikikatika, wanasema ilikuwa mbovu.

kisiki_cha_likoni: Hao ndio wenyewe! Na hawaanzi kwa mkono. Nati inaingia upande, gani inamalizia.

mama_probox: Jamani na kilipu (vibanio vya plastiki) je? Kava ya chini ya injini ikiingia gereji na kilipu kumi inatoka na tatu na kipande cha waya. Kwa spidi ya themanini inapiga lami pa-pa-pa. Hiyo mbona hamsemi?

Mwanzilishi: Wadau, tulikuwa kwa maunti. Ameitupa kwa ndoo!

raundi_moja_tu: Mama, waya ni afadhali. Wengine wanapiga skrubu za mbao kwenye bampa.

mama_probox: Skrubu za mbao! Mungu wangu. Nani anajua kilipu za kava ya chini ni za tundu la ngapi?

kobalti5: Pima tundu la bodi, usipime kilipu kuukuu, imeshapondeka. Kuna za 7, za 8 na za 10. Ukiweka ya 7 kwenye tundu la 8 itaanguka kabla ya Thika.

mama_probox: Asante kaka. Zinauzwa moja moja ama pakiti?