Uzazi wa mwani kwa projekti ya shule: Fucus, Ulva au vipande, ipi inatoa ripoti nzuri?

mtotowabio: Wadau habari zenu, nina projekti ya uzazi wa mwani na ripoti inatakiwa iwe na namba, sio picha tu. Nimebaki na njia tatu: kurutubisha mayai ya Fucus (mwani wa kahawia), kusubiri Ulva (mwani wa kijani) iachie gameti, yaani seli za uzazi, au kukata vipande vya mwani mwekundu nipime uzito kila wiki. Hadubini ipo ya kawaida, inakuza mara 100 na 400. Nishaurini.

ticha_maabara: Fucus, bila hata kujiuliza. Tafuta aina ya serratus au vesiculosus, hizo dume na jike ni mimea tofauti, spiralis achana nayo maana ina zote mbili kwenye mmea mmoja utachanganyikiwa bure. Kata zile ncha zilizovimba zenye vipele, zifute kwa karatasi, dume funga mbali na jike, laza kwenye friji, kesho yake zitumbukize kwenye maji ya bahari utaona ute unatoka, wa machungwa ni dume na wa kijani cha zeituni ni jike. Maji ya bomba usiguse kabisa, seli zinapasuka. Weka tone la mayai kwenye slaidi ongeza tone la dume halafu kaa hapohapo kwenye lenzi. Yai lenyewe halina mkia, limetulia tu, ila linatoa kemikali inayovuta mbegu za kiume, basi zinalivamia pande zote mpaka yai linaanza kuzunguka! Taa ya hadubini izime ukiwa huangalii, joto linaziua.

zuhura_k: Kwa kuangalia ni tamu mwalimu, ila mwenzetu kasema anataka namba. Kuzunguka kwa yai anakuhesabu vipi?

ticha_maabara: Hahesabu kuzunguka, anahesabu zaigoti, yaani mayai yaliyorutubishwa. Baada ya kama siku moja lililorutubishwa linakuwa limeng'ang'ania kioo na limechomoza kijimzizi upande mmoja, hilo halina ubishi. Sahani moja mayai na mbegu, nyingine mayai peke yake ya kulinganishia, halafu akitaka makubwa azimue mbegu mara 10, mara 100, mara 1000 aone asilimia inavyoshuka. Grafu hiyo inajichora.

kijani_tu: Jamani Ulva mnaionea. Gameti zake zina mikia 2 na zinakimbilia mwanga, zoospora (spora zinazoogelea) zina mikia 4 na zinaukimbia, kwahiyo ukiweka taa upande mmoja wa chombo unaona kabisa zinajikusanya. Ubaya wake nakubali, mmea wa gameti na wa spora kwa macho ni kitu kimoja, hujui umeokota upi mpaka uachie, na unaweza kusubiri siku kadhaa usipate kitu. Na gameti za mmea mmoja haziungani zenyewe kwa zenyewe, lazima upate mimea ya jinsia mbili. Kama deadline imekaribia ni kamari.

mizani_yangu: Mimi natetea vipande. Hadubini haihitajiki, mizani tu, na mwani mwekundu kama Kappaphycus na Eucheuma wakulima wanapanda hivyohivyo kwa vipande. Ila futa maji kwa namna ileile kila ukipima, vinginevyo unapima maji sio mwani. Na kichwa cha ripoti usiandike "urutubishaji", hapo hakuna yai wala mbegu, kila kipande ni nakala ya mama yake.

zuhura_k: Hiyo ya kichwa ni kweli kabisa, wanafunzi wengi wanaangukia hapo. Kingine mtotowabio, kwenye matokeo weka ulichoona tu, jedwali na hesabu, sababu peleka kwenye mjadala. Na usiandike asilimia 80 ukaishia hapo, sema umehesabu mayai mangapi, maana 4 kati ya 5 nayo ni asilimia 80 na haina maana yoyote.

mtotowabio: Asanteni sana, naenda na Fucus na kuzimua. Swali la mwisho, ikitokea sahani ya mayai peke yake nayo ina vijimizizi kadhaa, naitupa?

ticha_maabara: Usitupe, iandike kama ilivyo. Mara nyingi ni dropa moja imetumika kwa dume na jike, kwahiyo tenga mbili kabisa uziandike kwa maka, na mikono nawa ukitoka kushika dume.