Walimu wa darasa la tatu na la nne, mnashirikianaje kwa watoto ambao bado hawajui kusoma?

Mwl_KandaYaZiwa

Habari zenu walimu na wadau wote humu ndani. Mi nafundisha Kiswahili darasa la tatu, shule ya msingi ya kijijini huku Usukumani, mikondo miwili na kila mkondo una watoto zaidi ya tisini. Shida yangu ni hii, nina watoto wengi tu wamefika la tatu na ukimwandikia "baba kalima" anasoma vizuri ila ukimwandikia "nywele" au "ng'ombe" anakaa kimya anakuangalia. Mwakani hao hao wanaenda kwenye upimaji wa darasa la nne.

Sasa ukiongea na mwenzako wa la pili anakwambia mimi nilifundisha nikamaliza mada zote, wa Sayansi anakwambia wanafeli kwangu kwa sababu we hujawafundisha kusoma, wa Hisabati hivo hivo, mwisho wa siku kila mtu anashika chaki yake anaenda darasani kwake. Jumuiya ya kujifunza tunayo, ile JzK ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ipo kwenye ratiba kabisa, lakini tukikaa mmoja anasoma moduli wengine wanasikiliza, tunasaini mahudhurio, picha inatumwa kwenye grupu, tunatawanyika. Hakuna siku jina la mtoto hata mmoja limetajwa pale.

Naombeni aliyewahi kukaa na wenzake wakafanya kitu mpaka watoto wakabadilika kweli aniambie walianzia wapi. Na wazazi mnawaingizaje bila kikao kugeuka cha michango?

ChakiNyeupe

Mwalimu pole na kazi, na hongera kwa kuuliza maana wengi wanaishia kulalamika stafu. Mi nimefundisha madarasa ya chini mda mrefu na baadae nikawa nasaidia shule za kata nzima, nikwambie kilichofanya kazi.

Msianze na moduli. Moduli ni nzuri, zimeandikwa na Taasisi ya Elimu na kuna vitu vya maana mle, ila ukianza nayo kila mtu anakaa kama yuko semina. Anzeni na watoto. Chukueni karatasi moja andikeni silabi chache, chini yake maneno, chini yake aya fupi, chini yake kihadithi, ndio mtindo ule ule wa Uwezo, ule upimaji wa watoto kusoma na kuhesabu, ambao umetumika Tanzania, Kenya na Uganda miaka yote hii. Kila mtoto anakuja anasoma mezani, hata dakika mbili hamalizi, unaandika ameishia wapi. Muhimu zaidi msiachie mwalimu wa Kiswahili peke yake, gawaneni watoto walimu WOTE, wa Hisabati, wa michezo, mwalimu mkuu mwenyewe akae apewe watoto wake. Yule wa Hisabati akishamsikia kwa masikio yake mtoto anashindwa kusoma "ng'ombe wangapi wamebaki" hatakulaumu tena, atajua kwa nini 24 kutoa 9 mtoto anapata ila fumbo la ng'ombe 24 wakiuzwa 9 hapati.

Baada ya hapo kikao cha kwanza cha JzK kinakuwa na majina. Nani kaishia silabi, nani maneno. Hapo sasa mnaulizana kwa nini, na majibu yanakuja ambayo hamkuyategemea. Kuna shule moja niliyokuwa naifika waligundua hivi, la kwanza watoto wanafundishwa herufi kwa sauti yake, m inatamkwa kwa kufunga midomo "mmm", mtoto anaunganisha na "a" anapata "ma". Akifika la tatu mwalimu anamwandikia ubaoni anamwambia hii ni "em" hii ni "a" haya soma, mtoto wa watu anasoma "ema". Wanamwona hajui kumbe anafuata alichoambiwa. Walimu wawili wa shule moja, milango inatazamana, na hakuna aliyejua mwenzake anatamka nini kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa darasani kwa mwenzake. Wakakubaliana sauti tu mpaka la nne, na mwalimu wa la kwanza akawa anaingia la tatu kipindi kimoja kwa wiki kuwaonyesha wenzie anavyounganisha silabi.

Na yule wa Sayansi mpe kazi. Mwisho wa wiki akuletee maneno magumu ya wiki inayokuja. Akileta "mmeng'enyo" we kwenye kipindi chako cha Kiswahili unalivunja m-me-ng'e-nyo, watoto wanalipigia makofi, wanaliandika, wanatafuta maneno mengine yenye ng'e na nyo. Akiingia yeye kufundisha, neno sio geni, anafundisha tumbo linafanyaje kazi badala ya kuhangaika na matamshi. Hii haihitaji posho wala ruhusa ya mtu, ni karatasi tu inapita kutoka meza hii kwenda meza ile.

Mwalimu_wa_Kitale

Salamu kutoka Kenya. ChakiNyeupe ameongea ukweli sana, naongezea tu upande wa kuingia kwa darasa la mwenzako maana hapo ndio watu huogopa.

Kwetu SMASE, mafunzo ya walimu kazini, ilianza 1998 kwa hisabati na sayansi za sekondari, ikisaidiwa na JICA, shirika la misaada la Japani, na walimu wengi ndipo waliposikia mambo ya kupanga somo pamoja vile Wajapani hufanya shule zao kwa zaidi ya miaka mia. Kwa ufupi mnakaa watu watatu wanne mnachagua sehemu moja watoto hukwama, kwako ni hizo silabi ngumu, mnaandika andalio moja la pamoja. Mmoja anafundisha. Wengine wanakaa ndani, na hapa ndio siri yenyewe, HAWAMWANGALII mwalimu. Kila mmoja anapewa watoto watatu wa kuangalia, anaandika huyu alifungua kitabu saa ngapi, alipoulizwa alisema nini, alinakili kwa jirani ama aliandika mwenyewe, alipotea wapi. Mkimaliza siku hiyo hiyo mnaketi, anaanza kuongea yule aliyefundisha, halafu wengine wanasoma walichoona kwa watoto. Huwezi sema "hukutumia zana", unasema "huyu mtoto wa nyuma alisoma vizuri mpaka ulipofuta ubao". Tofauti ni kubwa sana. Andalio ni la wote kwa hivyo likifeli hakuna mtu amefeli. Mnalirekebisha, mwingine anaenda kulifundisha kwa mkondo wa pili. We uko na mikondo miwili, hiyo ni bahati.

Tusome, mpango wetu wa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, ilipoingia shule zote za msingi za umma 2015, afisa wa kusaidia walimu, tunamwita CSO, alikuwa anakuja na tableti anakaa nyuma anaangalia somo, halafu anaita watoto wachache anawasikiliza wakisoma, ndio anaongea na mwalimu. Mwalimu hawezi bishana na mtoto aliyesoma mbele yake. Hiyo ya kusikiliza watoto kabla ya kumshauri mwalimu naomba hata Afisa Elimu Kata wako aifanye.

KijijiKikubwa

Samahani wakuu, haya yote mazuri kwenye maandishi. Mwalimu ana watoto tisini, ana vipindi karibu kila saa, ana zamu, ana madaftari tisini ya kusahihisha, nyumba ya kupanga iko mbali. Huo mda wa kukaa nyuma ya darasa la mwenzie anautoa wapi na darasa lake limebaki na nani? Mi naona tunamwongezea mwalimu mzigo halafu tunauita ushirikiano. Serikali ilete walimu kwanza.

ChakiNyeupe

Mkuu KijijiKikubwa hoja yako ni ya kweli na sitaipinga, walimu hawatoshi na hilo lazima lisemwe kila siku. Lakini watoto wa mwaka huu hawatasubiri ajira itangazwe.

Mda unatoka hapa. JzK tayari ipo kwenye ratiba, kwa hiyo kikao cha kupanga na cha kujadili tayari kina nafasi yake. Kipindi cha kuangalia, unganisheni mikondo miwili ya darasa lingine mara moja kwa mwezi kwenye Michezo, mwalimu mmoja anawashika wote uwanjani mwenzake anaenda kukaa darasa la tatu. Na madaftari usisahihishe tisini peke yako kila siku, chukua machache ya watoto walioishia silabi, uyapeleke kikaoni msome pamoja makosa yao, mtaona makosa yanafanana, mtoto mmoja akiandika "nele" badala ya "nywele" ujue kuna wengine kumi. Ukishajua kosa lenyewe unalifundisha ubaoni mara moja kwa wote badala ya kulisahihisha mara tisini. Hapo kazi inapungua, ndio maana naitetea.

Kingine, la tatu na la nne wapangeni kwa kiwango saa moja tu kwa siku, sio kwa darasa. Wa silabi wote kwa mwalimu huyu, wa maneno kwa yule, wa hadithi kwa mwingine. Shirika la Pratham la India ndio waliueneza utaratibu huu na umeingia nchi nyingi za Afrika. Mwalimu mwenye kundi la kiwango kimoja anafundisha kitu kimoja, hata wakiwa wengi.

MamaWawili_UWW

Mi sio mwalimu, ni mzazi, nipo kwenye umoja wa wazazi na walimu shuleni kwetu, nimesoma hapa nikaona niseme.

Mwalimu umeuliza wazazi muwaingize vipi. Wazazi hawaji kwa sababu kila wakiitwa ni hela ya mlinzi, hela ya mitihani, hela ya uji. Hakuna siku mzazi kaitwa akaambiwa mwanao anasoma hivi. Muiteni mumsomeshe mtoto mbele yake, chini ya mti, mzazi mmoja mmoja, asikie mwenyewe. Kwetu walivyofanya hivyo kina baba walikaa kimya, na wengi siku ya pili walirudi kuuliza wafanye nini. Na msiseme kwamba mzazi asiyejua kusoma hawezi kusaidia. Mi namwambia mwanangu nisomee, hata kama sijui kilichoandikwa najua akisoma kwa kukwamakwama na najua akinidanganya maana hadithi haieleweki.

Alafu msipange kikao siku ya mnada, wala wakati wa kupalilia. Kaeni na mwenyekiti wa kitongoji awaambie watu wako wapi. Na watoto wa kiume wanaokosa shule siku ya mnada kwa sababu ya kuswaga ng'ombe, hilo sio la mwalimu mkuu kulimaliza kwa barua, ni la sisi wazazi kuambizana kwenye kikao, mbele ya mwenyekiti, nani atapeleka ng'ombe wa nani.

Kitu kingine huko Usukumani watoto wengi wanaingia la kwanza Kiswahili hawajakizoea. Mtafuteni mama mmoja au mzee mwenye uvumilivu aje asimulie ngano kwa Kisukuma na mwalimu aisimulie tena ile ile kwa Kiswahili. Mtoto akishaijua hadithi maneno anayadaka.

NuruElimuMaalumu

Naongezea dogo ila msilipuuze. Kwenye hao walioishia silabi wapo ambao shida sio kufundishwa. Angalieni anayenakili daftari la jirani siku zote na sio ubaoni, anayekunja uso akisoma, anayesogeza kitabu puani. Huyo mlete mbele kwanza, kisha ongea na mzazi wake ampeleke zahanati wamuandikie aende kupima macho. Na anayejibu vitu tofauti na ulivyouliza, au masikio yanatoa usaha, huyo hasikii vizuri, anasikia "pa" ukisema "ba". Mpaka atibiwe, mwalimu ongea ukiwa umemgeukia, sio unaongea huku unaandika ubaoni umempa mgongo. Kama halmashauri yenu ina shule yenye kitengo cha elimu maalumu nendeni mkaongee na walimu wa kule, hata kwa simu, wanafurahi sana kuulizwa maana huwa tunakumbukwa siku ya takwimu tu.

Na kabla hamjampima kusoma muulizeni mtoto amekula. Wengine wanatoka nyumbani alfajiri na tumbo tupu.

Mwl_KandaYaZiwa

Asanteni sana jamani, shikamoo mwalimu ChakiNyeupe. Nimewaonyesha mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma hii mada, mkuu amekubali tuanze na kupima watoto wa la tatu mikondo yote, na yeye amechukua kundi lake. Wa la kwanza ni dada mmoja anaongea Kisukuma vizuri sana, amekubali kuingia darasani kwangu Jumatano. Wa Sayansi bado anasuasua ila karatasi ya maneno amesema ataleta.

Swali langu moja limebaki. Watoto wakishajua wamepangwa kundi la silabi si watachekwa na wenzao? Wengine ni wakubwa, wana miaka kumi na moja.

ChakiNyeupe

Marahaba mwalimu. Makundi msiyaite kwa viwango, yapeni majina ya miti au samaki, kundi la sato, kundi la sangara. Watoto watajua tu hata hivyo, kwa hiyo kikubwa ni kwamba wasikae humo mda mrefu. Pimeni tena kila baada ya wiki chache na anayevuka ahamishwe siku hiyo hiyo, wenzie wakimwona. Na kundi la silabi mpeni mwalimu anayependwa zaidi shuleni, msimpe mgeni wala wa mazoezi ya kufundisha.

Mwalimu_wa_Kitale

Hao wa miaka kumi na moja wape vitu vya umri wao, wasisome "kuku ana kaka". Andikeni wenyewe vihadithi vya mpira, vya uvuvi, vya mnada, silabi zile zile. Mkivimaliza tupia hapa tuvitumie na sisi.