Lifti ya Sabato: Wayahudi wanatumia akili au wanamzunguka Mungu?

Mleta mada:
Wakuu, hili linanisumbua tangu nirudi kutoka hija Yerusalemu na wenzangu wa kanisani. Jumamosi asubuhi basi linatungoja nje, nikakumbuka nimeacha miwani chumbani, ghorofa ya tisa. Nikaingia lifti, nikabonyeza. Kitufe hakikuwaka. Mlango ukajifunga, tukapanda ghorofa moja, ukafunguka. Hakuna mtu. Ukajifunga. Ya pili, vilevile. Ndani alikuwemo mzee mmoja wa koti jeusi na kofia, kimya, kama abiria wa daladala aliyezoea kila kituo.

Mwongozaji wetu ndiye aliyenifafanulia. Torati inakataza kuwasha moto siku ya Sabato (Kutoka 35:3), na marabi wengi wameuingiza umeme katika makatazo ya siku hiyo. Basi lifti inapangwa mapema isimame yenyewe kila ghorofa, mtu asiguse kitu. Wenyewe husema dini yao ni ya akili. Hii ni akili kweli? Ukizuiwa kubonyeza, si upande ngazi?

Mdau wa Tanga:
Ujanja mtupu. Hata sisi Waislamu hila tunazijua: unauziwa gunia kwa mkopo, bei ya juu, unamrudishia muuzaji papo hapo kwa bei ya chini, unaondoka na pesa. Hapo gunia halijatoka hata dukani! Wanazuoni wengi waliikataa biashara hiyo. Mungu si karani wa forodha.

Mdau wa Nairobi:
Tanga, unatia hila zote kapu moja. Torati ilifuta madeni kila mwaka wa saba. Kikatokea nini? Mwaka ukikaribia, wenye mali walifunga mikoba na maskini akakosa wa kumkopesha, jambo ambalo Torati yenyewe ilikuwa imelionya (Kumbukumbu la Torati 15:9). Rabi Hillel, zama za Herode, akaweka hati ya kukabidhi deni mahakamani ili lisifutike. Wanaiita prozbuli. Ni hila, sikatai. Lakini mkopo ulimfikia mwenye njaa.

Na uhai ukiwa hatarini hakuna hila inayotafutwa. Sabato inavunjwa waziwazi: washa gari, mpeleke mgonjwa. Walawi 18:5 inasema mtu ataishi kwa amri hizo. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, ikamalizia: aishi, si afe kwa ajili yake.

Halafu kuna kile kisa cha tanuri. Marabi wanabishana kama ni safi au najisi, Rabi Eliezeri yuko peke yake upande mmoja. Mti wa karobu ukang'oka kumuunga mkono, maji ya mfereji yakarudi nyuma, mwisho sauti ikatoka juu: sheria ni kama asemavyo yeye. Rabi Yoshua akasimama, akajibu kwa maneno ya Torati: "Si mbinguni." Yaani sheria ishateremka, kuipima ni kazi yetu. Ndiyo maana hata hiyo lifti hawajakubaliana. Mwaka 2009 Rabi Yosef Shalom Elyashiv na wenzake waliikataza. Wengine wanairuhusu mpaka leo.

Mdau wa Tanga:
Yaani muujiza umeshindwa na kura? Na hao wengi wakikosea?

Mdau wa Nairobi:
Wanaweza kukosea. Ila mti wa karobu huwezi kuuhoji, mwenzako unaweza.

Mdau wa Busia:
Mimi huvuka kwenda Mbale, Uganda, kwa biashara, na huko wapo Abayudaya, Wauganda wanaoshika dini ya Kiyahudi. Mwanzilishi wao Semei Kakungulu, kabla ya kutahiriwa na kujitangaza Myahudi mwaka 1919, alikuwa na Wamalaki, kundi lililozuka Buganda likashika Jumamosi na kukataa dawa za kila aina. Alikuwa na Biblia tu, anaisoma neno kwa neno, hana rabi wa kubishana naye. Leo warithi wa imani ile wana zahanati Mbale inayotibu Myahudi, Mwislamu na Mkristo. Na andiko ni lilelile.

Mleta mada:
Prozbuli nimeielewa, na zahanati haina ubishi. Lifti bado. Walipanda pia vijana wawili wazima kabisa, ya tatu mpaka ya nne. Ghorofa moja! Hao mtaniambia nini? Ila yule mzee aliteremka ya saba, na sikumwangalia magoti.