Mkanda wa gurudumu umeng'oka tena katikati ya mechi. Hivi hii kazi ni ya nani?

Wakuu salaam. Leo nina hasira, mnivumilie.

Nipo Minnesota, mwaka wa tatu huu najitolea na vijana wa sekondari wanaotengeneza roboti za mashindano ya FIRST, zile kubwa. Shule siitaji. Jumamosi tumetolewa kwenye mtoano. Mota nzima, betri nzima. Kilichotutoa ni kipande cha mpira ambacho bei yake haifiki sahani ya chipsi.

Kwa wasioyajua haya mashindano: roboti tatu kwa tatu, uwanja ni kapeti, na mechi za 2025 zilikuwa dakika mbili na nusu. Kwa kanuni za 2025 roboti haizidi pauni 115 bila betri na bampa, kama kilo 52, na muda wote inagongwa, inasukumwa, inageuka ghafla. Kinachoshika kapeti ni ule mkanda wa mpira uliozungushiwa gurudumu la inchi 4. Wengi tunakata mikanda ileile ya viwandani inayopandisha maboksi. Kashata zikiisha, unakuwa na gari la matairi kipara kwenye tope la masika: muungurumo mwingi, safari hakuna.

Sasa sikieni madudu niliyoyakuta baada ya kufungua lile gurudumu. Mkanda umekatwa mfupi, kwenye kiungo pana mwanya kidole kinapita. Riveti, yaani vile vipini vya chuma vya kubana mkanda kwenye gurudumu, ni mbili gurudumu zima! Kwingine wamepaka supaglu. Jamani, supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kigae. Mpira unajikunja kila mzunguko, gundi haikubali kujikunja, inapasuka. Nimesema tangu Januari. Mwalimu mwenzangu mmoja akanijibu, "Mwaka jana ilishika." Mwaka jana tulicheza mechi ngapi?

Mkanda unavutwa ukaze hasa, miisho ikutane bila mwanya, ikatwe kimshazari kidogo ili kiungo kisigonge kapeti kwa mpigo mmoja. Riveti moja kila upande wa kiungo, karibu na mwisho, halafu nyingine zizunguke gurudumu. Gurudumu likiwa la plastiki, weka washa, ile pete bapa ya chuma, kwa ndani. Na kichwa cha riveti kizame chini ya uso wa mpira. Hilo la kichwa siyo urembo: kanuni zinakataza kitu chochote cha kuharibu kapeti, chuma kikiwemo. Mpira ukilika mpaka chuma kikachungulia, mkaguzi ana haki ya kukusimamisha, na sisi asubuhi ileile tulikuwa tumebakiza kama unene wa kadi ya simu. Nani alikagua? Kimya.

Na kuna hili ambalo nikilikumbuka damu inachemka. Ijumaa yule binti anayeandika programu alikesha. Kwenye zile sekunde za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe, na ilikuwa inakwama kabla ya kufika inapotakiwa. Wote wakamgeukia yeye, "kodi zako za programu mbovu". Kumbe roboti inapima umbali kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Mpira ukilika milimita 1.5, kipenyo kinapungua milimita 3, karibu asilimia 3. Katika mita 5 unapungukiwa karibu sentimita 15. Kodi zilikuwa sawa, gurudumu ndilo lililokonda. Angepewa vernia ya kupimia kipenyo dakika moja tu, mtoto angelala. Hakuna aliyemwomba radhi mpaka naandika hapa.

Tena mazoezi tunafanyia kwenye korido ya saruji, inayokula mpira kama msasa, halafu mikanda ileile ndiyo inapelekwa mashindanoni. Nimeomba seti ya akiba mara mbili. Hela zimeenda kwenye fulana.

Najua wapo watakaokuja na "chapa kashata za TPU, ile plastiki inayonyumbuka kama mpira, kwa printa ya 3D, unavua na kuvalisha". Sawa, lakini printa yetu iko hoi na tuna mashindano mengine wiki tatu zijazo.

Kwa hiyo mafundi, nisaidieni: matundu ya riveti kwenye magurudumu yetu yametanuka kwa kutobolewa mara kwa mara kila tunapong'oa za zamani. Nitoboe mapya katikati ya yale ya zamani, au nihamie riveti nene zaidi? Rimu ni aluminiamu, nyembamba. Na atakayeniambia supaglu, nampiga ignore.