Pikapu ya kabureta inakunywa petroli kupita kiasi: nianzie wapi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaomba ushauri kuhusu pikapu ya zamani yenye injini ya silinda nne, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya midomo miwili na distribyuta ya platini, yaani kigawa cheche chenye vigusano vinavyokata umeme. Injini inawaka vizuri, haitoi moshi wa bluu wala haina mlio wa kutisha, lakini ulaji wake wa petroli umepanda polepole hadi sasa inakwenda takriban kilomita 6 kwa lita, hata ninapokuwa sijapakia mzigo. Plagi nikizifungua zina masizi meusi makavu, na gari likikaa sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) kwa muda, moshi unatoa harufu kali ya petroli ambayo haijaungua.

Nimeshauriwa niweke jeti kuu (vipande vya kabureta ambavyo petroli hupitia) zenye matundu madogo zaidi, kwa hoja kwamba petroli ikipita kidogo itatumika kidogo. Mwingine amenihimiza nifunge sumaku kwenye mpira wa petroli. Gari hili ndilo linalobeba mizigo yangu ya kila siku, kwa hiyo silitaki lipoteze nguvu mlimani. Ningependa kuwasikia waliozoea injini za namna hii kabla sijagusa chochote.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, jeti ziache kwanza. Ili petroli iungue yote bila kubaki, gramu 1 yake huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa, na kabureta yako ilipotoka kiwandani ilipangwa kuzunguka kiwango hicho, ikipunguza petroli kidogo katika mwendo wa wastani na kuiongeza unapokanyaga hadi mwisho. Kama jeti ni zile zile na ulaji umepanda polepole, basi kuna kitu kingine kilichoharibika, na jeti ndogo zitakuachia ubovu huo huku zikikuongezea mwingine: injini itakosa nguvu, utakanyaga zaidi, vali za kutolea moshi zitapata joto kupita kiasi, na huenda zikaungua wakati unapanda mlima na mzigo.

Masizi makavu na harufu uliyoitaja vinaonyesha petroli nyingi kuliko hewa. Ondoa kifuniko cha kichujio cha hewa injini ikiwa imepata moto kamili, uangalie bamba la choki, linalobana hewa ili injini baridi ipate petroli nyingi. Linapaswa kusimama wima kabisa. Likibaki limelala hata kidogo, injini inaendelea kulishwa kana kwamba imewashwa sasa hivi asubuhi ya baridi. Kisha acha injini izunguke sailensa, umulike ndani ya koo la kabureta kwa tochi: ukiona petroli ikidondoka kutoka kwenye mdomo mkuu, ambao wakati huo haupaswi kutoa kitu, boya linalopima kina cha petroli ndani ya kabureta limekaa juu mno au sindano yake ya kuzuia petroli haifungi tena. Wengi hukimbilia kupinda mkono wa boya bila kulitoa na kulitikisa karibu na sikio, ilhali boya lenye tundu hunywa petroli, huwa zito na haliwezi kupanda kufunga sindano hata ulipindeje.

Kichujio cha hewa nacho kisidharauliwe. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta, kichujio kichafu hupunguza nguvu tu bila kuongeza sana ulaji, lakini kabureta haina kitu cha kuitambulisha kwamba hewa imepungua, hivyo mchanganyiko hugeuka mzito, yaani petroli inazidi hewa.

Mchangiaji wa pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu jeti, ila ningebadilisha mpangilio. Kabureta ningeigusa mwisho, kwa sababu haiwezi kurekebishwa sawasawa juu ya injini ambayo moto wake au mgandamizo wake una kasoro. Pima mgandamizo wa silinda zote, rekebisha nafasi za vali, kisha weka platini katika kipimo cha kitabu cha gari kabla ya kupanga taimingi (wakati wa cheche kuruka), kwa maana platini zikilika, taimingi husogea zenyewe hata kama hakuna aliyeigusa distribyuta.

Sehemu ninayoona ikisahaulika kuliko zote ni lile kopo dogo la mvuto lililobanwa ubavuni mwa distribyuta. Unapokwenda mwendo wa wastani kwenye barabara tambarare, mchanganyiko ndani ya silinda ni mwepesi na huungua taratibu, kwa hiyo cheche inapaswa kuruka mapema zaidi ili msukumo wake uifikie pistoni kwa wakati. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo cha mpira kilichomo ndani ya kopo. Kikipasuka, gari litawaka na kupanda milima kama kawaida, na huenda usishuku chochote, lakini petroli itapotea katika kila kilomita ya safari ndefu. Chomoa mpira wake upande wa kabureta na uuvute kwa mdomo huku kifuniko cha distribyuta kikiwa wazi: bamba la platini linapaswa kusogea na kubaki hapo hadi utakapoachia.

Ukipata geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa injini), ifunge kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda. Injini yenye afya ikiwa sailensa huonyesha kati ya inchi 17 na 22 za zebaki na mshale hautikisiki. Katika nyanda za juu kipimo hushuka kwa karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo usitishike kama unaishi juu.

Mwanzisha uzi

Ninawashukuru sana. Nimekagua choki na nimeona haifunguki hadi mwisho. Ni ile ya kujiendesha yenyewe, inayopashwa moto na maji ya injini. Jambo jingine ni kwamba mshale wa joto haupandi kufikia katikati hata baada ya safari ndefu. Fundi amefungua na kukuta hakuna thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rediata hadi injini ipate moto. Mmiliki aliyetangulia aliitoa. Je, haya mawili yanahusiana?

Mchangiaji wa kwanza

Yanahusiana moja kwa moja, na nafikiri umeshika mkia wa tatizo. Choki ya aina hiyo husubiri maji yapate moto ndipo ifunguke, na maji yako hayafiki joto hilo kwa sababu yanazunguka kwenye rediata tangu injini inapowashwa. Tena, injini isiyopata moto huiachia petroli itulie kwenye kuta za manifoldi na silinda ikiwa bado matone, badala ya kuwa mvuke, na matone hayo huosha oili kwenye ringi na kushuka chini hadi kwenye oili ya injini. Vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili mara moja, na ukague pia pampu ya petroli ya kwenye injini, kwani kiwambo chake kikitoboka huvujisha petroli kuelekea kwenye oili hiyo hiyo.

Weka thamostati yenye joto lililoandikwa kwenye kitabu. Nyingi za injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Lakini safisha rediata kabla, maana mara nyingi thamostati huondolewa na mtu aliyeshindwa kutibu injini inayochemka.

Mchangiaji wa tatu

Wakati huo huo inua magurudumu yote uyazungushe kwa mkono. Breki za ngoma zilizokazwa mno hula petroli bila kuacha dalili kwenye plagi, na tairi zenye upepo pungufu hufanya vivyo hivyo. Mwendo nao una uzito wake: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu, na pikapu haikuundwa kukata upepo. Usiendeshe na mlango wa nyuma wa bodi ukiwa umeshushwa kwa kudhani upepo utapita, kwani ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya bodini ikazunguka na kuupitisha upepo mwingine juu yake.

Na tafadhali usizime injini kwenye mteremko. Baada ya kukanyaga mara chache, kanyagio la breki litakuwa gumu kwa kukosa msaada wa mvuto wa injini.

Mwanzisha uzi

Nimewaelewa. Sumaku je?

Mchangiaji wa pili

Petroli haivutwi na sumaku kwa kiasi chochote kinachoweza kubadili jinsi inavyoungua. Fedha hiyo inunue thamostati, gasketi yake na kichujio cha hewa. Baada ya kazi, jaza tangi hadi pomoni, tembea hadi libaki robo, ujaze tena kwenye pampu ile ile gari likiwa limesimama mahali tambarare, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kama tairi zako si za kipimo cha kiwandani, linganisha kwanza kilomita za dashibodi na mawe ya barabarani, kwa sababu tairi kubwa huifanya dashibodi ihesabu pungufu, na gari likaonekana mlafi kuliko lilivyo.